Barua ya wazi kwa wakuu wa Grey's Anatomy: Jo naye apewe kalamu

Kwa Shonda Rhimes aliyeianzisha Grey's Anatomy, hadithi hii ya televisheni ya madaktari wa Marekani, kwa Krista Vernoff aliyekuwa akiwaongoza waandishi jambo hili lilipotendeka, kwa Meg Marinis anayewaongoza sasa, na kwa wakubwa wa ABC, televisheni inayoirusha.

Salaam.

Ninawaandikia kutoka Tanga, Tanzania, na ninaandika kwa Kiswahili kwa sababu hadithi yenu nimeilia kwa Kiswahili. Mkitaka kujua nimesema nini mtatafuta mtu awasomee. Mimi miaka yote hii nimekuwa nikiwasomea wengine Kiingereza chenu, mstari kwa mstari, sebuleni kwetu, na sijawahi kuona kazi hiyo ni nzito.

Shida yangu ni barua za Alex Karev, daktari aliyeondoka hospitalini bila kuaga kwa mdomo. Zilikuwa nne: ya Meredith, rafiki yake, ya Bailey na ya Webber, walimu wake wa kazi, na ile ya Jo, mkewe. Mlizirusha tarehe 5 Machi 2020, na najua kwa hesabu za televisheni hiyo ni zamani sana. Tangu hapo Jo amebadilisha fani, amelea mtoto, amependwa tena, ameolewa na daktari mwenzake, Link. Mtasema yamekwisha. Mimi nasema hayajaisha, maana barua ilitumwa, ikafika, ikasomwa mbele yetu sote, na aliyeandikiwa hajapewa nafasi ya kuijibu mpaka leo. Nina ombi moja juu ya hilo. Nitafika huko, ila kwanza nivumilieni nieleze kwa nini linanikaa rohoni hivi.

Nilianza kuwafuata nikiwa kidato cha tatu. Jirani yetu alikuwa na kibanda cha kukodisha CD pale Ngamiani, na kila Ijumaa jioni dada yangu alinituma nikachukue mbili. Huku kwetu tamthilia kama yenu tunaiita sizoni, hata ikiwa na misimu ishirini. Na katika sizoni zote tulizokuwa tumeziona kanuni ilikuwa moja, kila mtoto wa mtaani anaijua: steringi hafi. Atapigwa risasi, ataanguka ghorofani, atatekwa nyara, lakini mwisho atasimama ajipanguse vumbi. Nyinyi mkaja na hospitali ya Seattle ambamo mtu mwema anatoka kazini na hafiki aendako. Tulikasirika, tukawafuata, tukakasirika tena, tukawafuata.

Kwa hiyo kifo sikuwalalamikia. Mwaka 2009 mlimleta mgonjwa aliyegongwa na basi, uso umeharibika kiasi kwamba watu aliofanya nao kazi usiku na mchana hawakumtambua. Sauti hana. Akaushika mkono wa Meredith, akaandika kwa kidole kiganjani mwake: 007. Lile jina la utani walilompachika siku za mwanzo kabisa. Hapo ndipo Meredith alipojua kwamba anayemtibu ni George O'Malley. Dada yangu alizima televisheni, akatoka, akakaa barazani mpaka adhana ya isha. Mtu asiye na uso wala mdomo alitafuta njia ya kusema ni mimi, niko hapa, nakwenda. Nawaomba mlikumbuke hilo nikifika kwa Alex, ambaye mdomo wake ulikuwa mzima.

Cristina Yang, rafiki mkubwa wa Meredith, mlimtoa kwa mlango wa mbele. Mwaka 2014 alipokwenda Zurich tuliagana naye kwa wiki na wiki, na siku ya mwisho wakacheza muziki yeye na Meredith kama walivyozoea kucheza kila dunia ilipowaelemea. Akamwambia asikubali mume, hata mume anayependwa namna ile, awe ndiye jua la maisha yake, kwa kuwa jua ni yeye mwenyewe. Mwaka uliofuata mkamuua Derek, mume huyo. Hilo liliuma kwa njia mbaya zaidi, kwa sababu waliompokea walizembea, hawakumpiga picha ya kichwa mapema, na yeye daktari wa ubongo amelala pale anaona kosa lao na hawezi kusema. Lakini Meredith alifika. Alikuwa kando ya kitanda mashine zilipozimwa. Tulilia, tukazika.

Sasa nirudi nyuma kidogo, mwanzo wa msimu wa pili, 2005, kwa sababu bila hapo huyu Alex hataeleweka. Cristina ana mimba asiyoitaka. Kliniki inamtaka aandike jina la mtu wa kuarifiwa, anaandika la Meredith, kisha anamwambia bila mapambo yoyote: wewe ndiye mtu wangu. Maneno hayo yalipendwa dunia nzima. Kwetu hayakusikika mageni hata chembe. "Huyu ni mtu wangu" utalisikia kwa wavuvi, kwa makondakta, kwa mama wa vitumbua. Tunayo na mengine, shoga, mwandani, na somo, ambaye kwa watu wa pwani ni yule rafiki anayekufunda na kukutunzia siri. Lakini jina la kwenye fomu lina uzito wake peke yake. Aliyewahi kumlaza mgonjwa wake anajua. Nesi anakuja na karatasi, haulizi unampenda nani. Anauliza: tumpigie nani?

Cristina alipoondoka, jina la kwenye fomu likawa la Alex. Hamkulitangaza kwa shangwe, mlilijenga taratibu, na kwa maoni yangu ndiyo kazi bora mliyoifanya katika nusu ya pili ya hadithi hii. Derek alipokufa Meredith alitoweka na watoto karibu mwaka mzima. Alipojifungua Ellis, Alex ndiye aliyepigiwa. Msimu wa 12 alipopigwa na mgonjwa, taya limefungwa kwa nyaya, masikio hayasikii, anaogopa hata kuguswa, Alex ndiye aliyekuwa pale. Na hawakuwa wapenzi. Mwanamume na mwanamke, wamechoka, wamejitupa kitanda kimoja na viatu vyao, wanalalamikia zamu. Tamthilia nyingi tunazoletewa huku, za Uturuki, za Ufilipino, hata zetu wenyewe, urafiki wa namna hiyo hauachwi uwe urafiki. Nyinyi mliuacha. Kwa hilo nawashukuru kwa moyo wangu wote na nitawashukuru nikiwa bibi.

Wala haukuwa urafiki wa bure. Alex alikuja hospitalini mkorofi, mdomo mchafu, Cristina akamwita mwana wa shetani. Mwaka 2011, kwa ulevi na hasira, akaitoboa siri ya Meredith kwa Owen Hunt, mkubwa wao wa kazi, kwamba aliuchezea utafiti wa dawa ya Alzheimer, na ikamponza Meredith kazini, nusura imponze hata mtoto. Mtoto mwenyewe ni Zola, aliyetoka Malawi, jirani zetu wa ng'ambo ya ziwa. Na aliyehangaika kutafuta fedha ili watoto kama Zola waletwe Seattle kutibiwa ni nani? Ni Alex huyohuyo. Mkono mmoja umempa Meredith mtoto, mkono wa pili nusura umpokonye. Wakanuniana, wakapishana kwenye korido zilezile, wakala kantini ileile, wakapatana bila kuitiwa wazee. Tuliuamini urafiki wao kwa sababu tulikuwepo ukilipiwa.

Halafu Izzie.

Mei 2009 Meredith na Derek waliitoa harusi yao iliyokuwa imekwisha pambwa, wakawapa Izzie na Alex, kwa kuwa Izzie alikuwa na saratani imefika kwenye ubongo na hakuna aliyejua atabaki na siku ngapi. Akapona. Akaachishwa kazi. Akaondoka, na Alex akaachiwa barua. Shonda, haya ni yako, unayakumbuka kuliko mimi. Izzie aliporudi Januari 2010, na majibu ya vipimo ni mazuri, Alex alimwambia maneno ambayo mimi niliyaandika nyuma ya daftari langu la bailojia: kwamba amefurahi kumwona mzima, ila aende na asirudi, kwa sababu yeye Alex anastahili mtu atakayebaki.

Huyo ni mtoto wa baba mraibu mwenye mkono mwepesi na mama mgonjwa wa akili, mtoto aliyelelewa kwenye nyumba za watu baki. Kwa mara ya kwanza maishani mwake anasema nastahili. Nilikuwa na miaka kumi na sita na nilisimama wima sebuleni.

Ndipo mkamleta Jo Wilson. Jo aliachwa kituo cha zimamoto akiwa mchanga. Akiwa shule ya sekondari alilala ndani ya gari. Akaolewa na mwanamume aliyempiga mpaka akakimbia na kujibadilisha jina asitafutwe. Mwaka 2019 akaenda kumtafuta mama aliyemzaa, akamwona, akaambiwa mimba yake ilivyotungwa, na ukweli ule ukamlaza kitandani siku nyingi, hasemi, hali. Alex alikaa naye. Hakuwa na maneno ya hekima, wala hamkumwandikia yoyote, alikaa tu. Wawili hawa kila mtu alikuwa amewaacha, kila mmoja kwa zamu yake, na ahadi yao ilikuwa moja: mimi siondoki.

Jo huyo ndiye mliyemletea bahasha.

Nimeisoma barua ile mara nyingi kuliko barua yoyote niliyoandikiwa mimi. Anasema alipokuwa akiwatafuta watu wa zamani wamuunge mkono Meredith alimpigia Izzie, akasikia sauti za watoto. Pacha, Eli na Alexis, miaka mitano, wametokana na mayai waliyorutubisha na kuyagandisha kabla Izzie hajaanza kutibiwa. Sasa yuko Kansas, shambani, na watoto na mama yao. Jo anaachiwa hisa za hospitali. Na hati za talaka zimekwisha sainiwa, zimo humohumo.

Watoto nawapa haki yao. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mwanamume aliyekua bila baba akisikia ana watoto wawili duniani, miguu itamchukua hata kama hajaamua. Angebaki Seattle kana kwamba hakusikia, ningemdharau. Na Jo angekuwa wa kwanza kumfungia begi. Jo, kati ya watu wote! Binti wa kituo cha zimamoto angemzuia baba asiende kwa watoto wake? Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Mlimnyima Jo nafasi ya kuwa mkubwa kama mlivyomkuza wenyewe. Hamkumpa hata simu. Hamkumpa hata kugombana. Izzie aliyewaficha watoto miaka mitano akatokea kuwa ndiyo nyumbani, na Jo akawa kama mtu aliyekuwa akimtunzia mwenzake mume mpaka mwenyewe arudi.

Tena aliyeandika ni Alex Karev, daktari wa upasuaji wa watoto. Kazi yake ilikuwa kutoka chumba cha upasuaji, kuvua kofia, kwenda mpaka pale wazazi walipokaa, kuwatazama usoni na kuwaambia mtoto wenu hatukuweza kumwokoa. Tulimwona akifanya hivyo miaka na miaka. Alijifunza kwa shida, kwa mwalimu wake Arizona Robbins, na akawa hodari kwa hilo kuliko alivyokuwa hodari kwa kisu. Mtu huyo ndiye mliyetutaka tuamini kwamba alishindwa kumwambia mkewe kwa mdomo.

Nikisema hivi siwaonei. Najua Justin Chambers, aliyemwigiza Alex, aliamua kuondoka, na habari ilitoka Januari 2020 wakati mara ya mwisho kumwona ilikuwa Novemba 2019, ile sehemu ya 350, akiwa upande wa Meredith siku leseni yake ya udaktari ilipokuwa mashakani. Mwigizaji ana maisha yake, amewapa miaka kumi na tano, haki yake kwenda. Hamkuwa na uso wa kuweka mbele ya kamera. Na sikutaka mumuue. Dada yangu ndiye aliyetaka, alisema heri maiti kuliko mtoro, tukabishana mpaka maji ya ugali yakakauka jikoni.

Lakini njia mlikuwa nayo, tena mlikuwa mmekwisha ifungua wenyewe. Wiki kadhaa kabla ya barua mlituambia Alex yuko Iowa anamuuguza mama yake. Basi! Mngeiacha hapohapo. Nani huku asiyemjua mtu aliyekwenda kijijini kumuuguza mama akakawia, mwezi ukawa mwaka, akapata kazi hospitali ya wilaya, akabaki? Kila ukoo unaye. Jo angekwenda na kurudi, wangechoka na safari, wangeanza kusemeshana kwa mkato kwenye simu, mwisho wangeachana kwa huzuni, kwa sauti zao, kama watu waliopendana wanavyoachana. Sauti ya Alex tusingeisikia, lakini ya Jo tungeisikia. Mwanamke aliyeshika simu sikioni tunajua kumsoma.

Kuhusu Meredith sitasema mengi. Ana dada yake Maggie na wifi yake Amelia, ana watoto, na maisha ya hadithi yote ni yake. Ila kati ya wale watano walioanza pamoja siku ile ya kwanza alibaki peke yake hospitalini, na wa mwisho kuondoka alikuwa mtu wake. Nesi akija na fomu aliandika jina la nani? Sikuona.

Nina jambo moja zaidi, na ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Sehemu ile ya barua niliitazama na mama yangu mkubwa. Ilikuwa siku za korona, mwaka huohuo wa 2020, amekuja kutoka Pangani kukaa nasi. Alikuwa hamfahamu Alex wala Jo. Nilimtafsiria. Nilipofika kwenye zile hati ndani ya bahasha aliweka kikombe chini.

Mama mkubwa aliachwa kwa barua. Mumewe alikuwa baharia kwenye meli za watu, na siku moja ya mwaka 1987 kondakta wa basi alishuka na bahasha ya kaki, akauliza nyumba ya fulani ni ipi. Yeye wakati ule hakujua kusoma. Barua alisomewa na kijana wa jirani, barazani, mbele ya watu waliokuja kuchota maji. Talaka moja, wino wa bluu, majina ya mashahidi wawili. Anuani ya mwandikaji haikuwepo.

Aliitazama sehemu yenu mpaka mwisho, akanigeukia. "Sasa mwanangu, huyu mtoto wa watu yake inasomwa lini?"

Nikamwambia, "Mama, yeye hana barua. Ndiyo imeisha hiyo."

"Hana? Wanaume wana kalamu, yeye hana?"

Usiku ule umeme ulikatika, tukakaa gizani, akaniambia mambo matatu ambayo angemwandikia mumewe kama angejua meli yake imetia nanga wapi. Hakuna lililokuwa la kumsihi arudi. La kwanza lilihusu cherehani aliyoiuza kabla ya kuondoka, ambayo haikuwa yake, ilikuwa ya mama mkubwa, aliletewa na baba yake. La pili ni kwamba mtoto wao alitembea wiki ileile barua ilipofika, hatua nne, kutoka kwenye mkeka mpaka mlangoni. La tatu ni kwamba baada ya siku ile alijiandikisha kisomo cha watu wazima, akajua kusoma, na kitu cha kwanza alichokisoma peke yake, amejifungia chumbani, ni ile bahasha ya kaki, ili siku nyingine asitegemee sauti ya mtu kujua ameambiwa nini.

Miaka thelathini na tatu alikuwa na majibu hayo. Sisi wote tuliolelewa na mikono yake hatukuwahi kuyasikia. Yalitolewa na Jo wenu, aliyekaa kimya kwenye skrini.

Ndiyo maana naomba. Sikuombeni mumrudishe Alex. Akitaka kuja mwenyewe mlango ni wenu, na kama siku moja Justin Chambers atakubali hata sauti yake tu kwenye simu, nawasihi aongee na Jo kabla ya kuongea na Meredith. Ninachoomba ni kidogo kuliko hicho. Mpeni Jo dakika tano. Watoto wamelala, Link yuko zamu, Jo amekaa mezani jikoni na karatasi. Amjibu. Camilla Luddington, anayemwigiza Jo, anaweza kulibeba hilo peke yake, tumeshamwona akibeba makubwa zaidi. Msimwandikie matusi, na msimwandikie msamaha pia, huo muuache utoke kwake kama upo. Mwandikieni vitu. Tuambiwe alifanya nini na zile hati usiku ule, alilala wapi, nani alimpikia chai asubuhi. Aulize swali ambalo kila aliyeachwa kwa karatasi analo: ulipokuwa ukiandika hii ulikuwa umekaa wapi, na mara ya mwisho tulipoongea ulikuwa umekwisha jua? Amweleze Luna, mtoto anayemlea, ni nani. Awaulize hali pacha, kwa majina yao, kwa sababu Jo ninayemjua mimi angewauliza hali. Kisha akiipeleka posta, au akiichana, au akiitia kwenye droo pamoja na ile ya kwanza, hilo ni lake.

Mmeandika zaidi ya sehemu mia nne. Mmemwokoa mtu mwenye bomu kifuani, mmeangusha ndege, mmemfufua Meredith kutoka majini. Dakika tano zipo.

Mama mkubwa bado yuko Pangani. Macho yamepungua nguvu, kisomo chake sasa ni cha maandishi makubwa tu, lakini masikio hayajambo, na kila nikimpigia simu lazima aulize kama yule binti ameshajibu. Siku mkiirusha nitapanda basi la asubuhi nimfuate, niketi naye, nimtafsirie.

Ni mimi mtazamaji wenu,
Tanga.